Picha Iliyofanana na Mfuko wa Mkaa

Mbwa wangu anaitwa Masizi, na aliyempa jina hilo hakukosea. Ni mbwa wa kienyeji, jike, mweusi tangu ncha ya pua hadi ncha ya mkia, isipokuwa alama nyeupe kifuani ambayo haizidi ukubwa wa sarafu ya shilingi 200. Usiku mmoja wa masika, miaka miwili iliyopita, radi ilipiga karibu na nyumba yetu hapa Kihonda, Morogoro, naye akaruka ukuta ambao hadi siku hiyo niliamini kwamba ulimzidi kimo. Asubuhi tulikuta bakuli lake limejaa maji ya mvua na mwenyewe hayupo.

Kama afanyavyo kila mtu siku hizi, nilifungua simu nitafute picha ya kutuma kwenye makundi ya WhatsApp ya mtaa. Picha zake zilikuwepo, tena zaidi ya 200, lakini nilipozipitia moja baada ya nyingine niligundua kwamba hapakuwa na hata moja ambayo mtu asiyemjua Masizi angeweza kuitumia kumtambua. Kulikuwa na doa jeusi mbele ya ukuta mweupe. Kulikuwa na doa jeusi chini ya meza, likiwa na taa mbili za kijani mahali pa macho. Kulikuwa na pua kubwa mno yenye kichwa kidogo nyuma yake, na kulikuwa na migongo, migongo mingi isiyo na idadi, kwa kuwa nilizoea kumpiga picha nikiwa nimesimama wima na yeye yuko chini miguuni pangu. Nilichagua ile iliyokuwa na nafuu, nikaituma, nikaandika chini yake “mbwa mweusi, jike, mpole”, maneno ambayo yangeweza kumhusu mbwa yeyote kati ya makumi ya mbwa weusi wa Kihonda.

Alipatikana baada ya siku sita, kilomita kama tatu kutoka nyumbani, mbele ya bucha moja iliyo kando ya barabara. Aliyemtambua alikuwa dereva wa bodaboda anayempeleka mwanangu shuleni, na hakumtambua kwa picha. Alimtambua kwa namna anavyokaa, kwani Masizi akiketi huutupa mguu wa nyuma wa kushoto pembeni, kama mtu aliyeketi kwenye mkeka. Nilipokwenda kumchukua, kijana wa bucha aliniambia bila kificho kwamba tangazo langu aliliona siku ya pili tu, wakati mbwa mwenyewe akiwa amelala hatua chache kutoka kwenye mzani wake.

“Sasa mwalimu,” akasema, “ile picha yako si ilikuwa kama mfuko wa mkaa?”

Maneno hayo yalinichoma kuliko alivyokusudia, kwa sababu mimi ni mwalimu wa fizikia na kwa miaka 17 nimekuwa nikichora ubaoni miale ya mwanga, lenzi na vioo. Nilirudi nyumbani nikiwa nimeazimia kupata picha ambayo mtu asiyemjua Masizi, akiitazama mara moja kwenye kioo kidogo cha simu, atasema huyu ndiye. Sikutaka picha ya kupendeza. Uzuri ulikuja baadaye, nao ulikuja kwa njia hiyo hiyo.

Wa kwanza niliyemwendea ni mjomba wangu, ambaye katika miaka ya 1980 alipiga picha za pasipoti, harusi na mahafali, enzi za mikanda ya picha 36, ambapo kila kosa lililipiwa mara mbili, kwanza wakati wa kununua mkanda na tena wakati wa kuusafisha. Aliitazama ile picha ya tangazo kwa muda, akairudisha simu, akasema, “Mjomba, kamera haimjui mbwa. Inaujua mwanga tu.”

Kisha akanieleza jambo ambalo nilipaswa kulijua. Kipimo cha mwanga kilichomo ndani ya kamera, iwe ya mkanda au ya simu, hudhani kwamba ukiuchanganya weusi na weupe wote uliomo kwenye picha utapata kijivu cha wastani, kile ambacho wapiga picha hukipima kwa kadi inayorudisha asilimia 18 ya mwanga unaoiangukia. Dhana hiyo haina taabu kwa watu waliosimama bustanini, lakini kwa mbwa mweusi hupotoka, tena kwa njia mbili zinazopingana. Mbwa akiijaza picha nzima, kamera huona giza, hudhani mwanga ni mdogo, huongeza, na manyoya hutoka kijivu kama jivu la jana. Mbwa akiwa mdogo mbele ya ukuta mweupe, kamera huuona ukuta, hudhani mwanga umezidi, hupunguza, na mbwa hugeuka shimo. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba mbwa mweusi sharti apunguziwe mwanga, nikatii kwa wiki nzima huku picha zikizidi kuharibika, kumbe ushauri ule ulihusu mbwa aliyejaza picha, ilhali wangu nilimsimamisha kila siku mbele ya ukuta niliokuwa nimeupaka chokaa mwenyewe mwezi Desemba.

Tiba yake kwenye simu ni nyepesi kuliko maelezo yake. Unagusa uso wa mbwa kwenye kioo na kushikilia kidole hadi simu ifunge kipimo hapo, kisha unatelezesha kidole juu au chini mpaka uone unyoya mmoja mmoja bila weusi kugeuka kijivu. Hata hivyo nilijifunza upesi kwamba kidole hakiwezi kuokoa picha iliyopigwa mahali pabaya. Ukuta mweupe unaowaka jua na mbwa mweusi aliye mbele yake hutofautiana mno, kiasi kwamba ukimwokoa mmoja unampoteza mwingine. Nikauacha ukuta. Nilimhamishia Masizi chini ya mwembe, migomba ikiwa mita tatu au nne nyuma yake, na mara ile ile masikio yake, ambayo kwa miaka yote yalikuwa yakimezwa na kivuli cha kichwa, yakajitokeza mbele ya ule ukijani uliofifia, pamoja na lile pengo dogo la sikio la kulia aliloachiwa na ugomvi wa ujanani.

Saa ya kupiga nayo ilinisumbua. Nilikuwa nikimpiga picha saa saba mchana, nikirudi kula, kwa imani kwamba jua jingi ni mwanga mwingi. Morogoro iko karibu nyuzi saba kusini mwa ikweta, na mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba, jua la adhuhuri hupita juu kabisa ya utosi. Hata katika miezi mingine halikai mbali sana. Jua la juu namna hiyo huupausha mgongo wa mbwa na kuyatia macho yake gizani chini ya nyusi. Mwanga mzuri ni wa pembeni, na kwetu huwa ni wa haraka, kwa kuwa jua la ukanda huu huzama karibu wima: tangu linapobaki kimo cha nyuzi kumi juu ya upeo hadi linapopotea ni dakika kama 40 tu. Watu wa nchi za mbali kaskazini huandika kuhusu jioni za dhahabu zinazodumu saa nzima na zaidi, nami kwa kuwafuata nilikuwa nikifika uani na simu yangu wakati kuku wameshaingia bandani.

Saa niliyoishia kuipenda ni kati ya saa moja na saa mbili asubuhi, hasa siku ambazo wingu limeivaa milima ya Uluguru na halijaamua kama litashuka au litapanda. Wingu jembamba huugeuza uwingu wote kuwa taa moja kubwa, na taa kubwa ndiyo inayoufaa unyoya mweusi, kwa sababu kinachoonyesha umbo la kitu cheusi ni mng'ao unaoteleza juu yake zaidi ya rangi yake. Siku ile niliyopata mbavu, misuli ya bega na mkunjo wa shingo katika picha moja, Masizi alikuwa amekaa ukingoni mwa baraza, paa likiwa juu yake na uso wake ukielekea nje, kwenye uwazi. Sakafu ya saruji mbele yake ilikuwa imepigwa deki na kukauka, ikarudisha mwanga kidogo chini ya kidevu, mahali ambapo kwa kawaida hapaonekani kitu. Katika kila jicho kulikuwa na nukta nyeupe, taswira ya uwingu wenyewe. Ukiiondoa nukta hiyo kwa kuiziba na kidole kwenye kioo, kama nilivyofanya ili kumwonyesha binti yangu, mbwa yule yule huonekana kama aliyekaushwa akajazwa pamba.

Kuhusu flashi sina mengi. Zile taa mbili za kijani chini ya meza zilitokana na utando ulio nyuma ya retina ya mbwa, yaani sehemu ya jicho inayopokea mwanga, utando unaorudisha mwanga ili aone vizuri usiku, na flashi ya simu iko karibu sana na lenzi kiasi kwamba mwanga hurudi moja kwa moja ulikotoka. Niliizima, na sijaiwasha tena.

Ilibaki habari ya kimo, ambayo ilinigharimu heshima kidogo. Nilikwisha kuelewa kwamba picha zinazopigwa kutoka juu humgeuza mbwa kuwa mgongo, hivyo asubuhi moja ya Jumamosi nililala kifudifudi uani, viwiko ardhini, simu mbele ya uso. Jirani yangu, mama mtu mzima anayepita kila siku kwenda sokoni, alinichungulia langoni, akatua kapu lake na kupiga kelele, “Baba Neema ameanguka! Jamani, Baba Neema!” Watu wanne walifika kabla sijasimama. Masizi naye alikuwa na tafsiri yake, kwani kwa mbwa mtu aliyelala chini anaomba kuchezewa, na picha tatu nilizopata siku ile ni za ulimi.

Baadaye niligundua kwamba si lazima ulale. Nakaa kwenye kigoda, naigeuza simu juu chini ili lenzi iliyokuwa juu iwe karibu na ardhi, nainyoosha mikono mbele, na kuona kwa jicho la kukadiria. Elliott Erwitt, mpiga picha wa Marekani aliyezaliwa Paris mwaka 1928 na kufariki mwaka 2023, alipiga picha za mbwa kwa miongo mingi, na mojawapo ya zinazojulikana sana, ya New York mwaka 1974, kamera yake imeshuka hadi kwenye lami: kuna kimbwa kidogo chenye kofia, kando yake buti za mwanamke, na kando ya buti miguu miwili mirefu ambayo kwanza unaidhania ni ya binadamu, kumbe ni ya mbele ya mbwa mkubwa ambaye mwili wake umeachwa nje ya picha. Nilipoiona nilielewa kwamba kushuka kunabadilisha zaidi ya sura. Ukiwa kwenye kimo cha Masizi, ndoo, madumu na kamba ya nguo vilivyokuwa vikiniharibia kila picha hupanda juu au hujificha, na nyuma yake hubaki uwanja na mbali kidogo mlima. Ushungi wa unyoya kifuani unaonekana. Ile alama nyeupe, ambayo ndiyo kitambulisho chake hasa na ambayo katika picha 200 za mwanzo ilionekana mara mbili tu, ikawa sasa inaonekana kila mara.

Kushuka kulinifundisha pia kurudi nyuma. Lenzi ya kawaida ya simu huona eneo pana, na ukiisogeza hadi sentimita 30 kutoka usoni mwa mbwa, pua iliyo karibu hukua na masikio yaliyo mbali hupungua. Hapo ndipo ilipotoka ile pua ya ajabu. Sasa nakaa mita mbili hivi kutoka kwake, na kama simu ina lenzi ya pili ya kuvuta naitumia hiyo. Wapo wanaoipenda ile pua kubwa kwa sababu inachekesha, nami siwalaumu, ila haifai kumtafutia mbwa aliyepotea.

Yote hayo yalihusu kamera. Kazi kubwa zaidi ilikuwa kumwelewa aliyekuwa mbele yake, na hapo nilichelewa kuliko mahali pengine popote. Kwa muda mrefu nilimwita kwa jina kila nilipotaka anitazame: Masizi, Masizi, Masizi wewe. Baada ya wiki mbili jina lilikuwa limechakaa. Alinisikia na hakugeuka, hata nilipomwita kwa chakula. Ikabidi nianze upya, jina litumike kwa mambo ya kweli tu, na picha ziwe na sauti zake. Mfuniko wa sufuria ya dagaa hufanya kazi ajabu mara tatu, masikio yakisimama na kichwa kikiinama upande, na mara ya nne haufanyi kazi kabisa. Kwa hiyo sauti huwekwa akiba. Kwanza naandaa mwanga, nakaa, nafunga kipimo, naweka kidole kwenye kitufe, ndipo binti yangu aliyesimama nyuma ya bega langu anakwaruza karatasi ya nailoni mara moja. Mbwa husikia mitetemo hadi kama 45,000 kwa sekunde ilhali sisi hukomea kama 20,000, hivyo hakuna haja ya kupiga kelele. Mkwaruzo mdogo, mradi awe hajauzoea, unatosha.

Chakula nacho kina adabu yake. Ukikishika mkononi, macho yote huenda mkononi, na utapata picha ya mbwa anayetazama kiwiko chako. Kipande cha ini kikishikwa juu kidogo ya lenzi, macho huja kwenye lenzi. (Mpira wake mwekundu, ambao nilishangaa kwa nini hauoni majanini ingawa uko wazi, niliubadilisha kwa wa bluu: mbwa huzitofautisha vizuri bluu na manjano, ila nyekundu juu ya kijani kwake ni vitu vinavyofanana.)

Aliyenifumbua macho kabisa ni daktari wa mifugo, siku tuliyompeleka Masizi kuchanjwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Nilimwonyesha kwa majivuno picha niliyoiona kuwa bora kuliko zote, Masizi akipiga mwayo huku ameugeuza uso pembeni kidogo, nikasema nimempata akiwa amestarehe. Daktari aliikuza, akanionyesha sehemu nyeupe ya jicho iliyotokeza, masikio yaliyorudi nyuma, ulimi uliokuwa unaanza kuramba midomo katika picha iliyofuata. Akanieleza taratibu kwamba mwayo wa mbwa ambaye hana usingizi mara nyingi ni dalili ya wasiwasi, na kwamba mtu anayekukazia kitu cheusi usoni bila kupepesa, kwa dakika ishirini mfululizo, ni mtu anayekukodolea macho. Mbwa hulichukulia hilo kama ugomvi unaotaka kuanza.

Nilirudi nyumbani nikazipitia picha zote upya, na ilikuwa kama kusoma barua ya zamani kwa mara ya kwanza. Miezi minne nilikuwa nikipiga picha za mbwa anayeniomba niache. Zile nilizoziita za “mapozi” ndizo zilizokuwa na uso wa wasiwasi zaidi, na ile ambayo mke wangu aliiweka kwenye simu yake kwa kuwa “Masizi anacheka” ilikuwa ya mbwa anayehema kwa joto la saa saba. Hapo nikajiwekea mipaka: dakika tano, si zaidi, simu ishuke kifuani kati ya picha na picha ili aone uso wangu, na akiondoka, sichukui kamba kumrudisha. Kwa siku kadhaa nilikaa barazani na simu mkononi bila kupiga chochote, nikisahihisha daftari za wanafunzi, hadi simu ikawa kitu kama kigoda au ndoo. Picha iliyonipa alama yake ya kukaa, mguu wa kushoto ukiwa umetupwa pembeni kama wa mtu mkekani, niliipata katika siku hizo za daftari, bila ini, bila nailoni, nikiwa hata sijapanga.

Picha za mbio ni habari nyingine, na nitasema tu yale yaliyonigharimu muda. Jioni simu hufungua lenzi kwa kama 1/30 ya sekunde ili ikusanye mwanga wa kutosha, na mbwa anayekimbia mita 8 kwa sekunde atakuwa amesogea zaidi ya sentimita 25 kabla picha haijakamilika. Kwa 1/1000 ya sekunde husogea milimita 8. Hesabu hiyo nimewapa wanafunzi wangu wa kidato cha tatu, na wameifurahia kuliko ile ya gari moshi. Maana yake ni kwamba mbio zipigwe asubuhi jua likiwa limechomoza, au kwa kamera inayokuruhusu kuchagua kasi. Mwalimu mwenzangu aliniazima kamera yake kwa Jumapili moja. Nilipiga picha zipatazo 60 kwenye uwanja wa mpira, nikabakiza mbili. Zote mbili zilipatikana baada ya kuacha kumfukuza Masizi na lenzi. Nililenga jiwe moja ambalo alikuwa akilipita kila anaporudi na mpira, nikasubiri, nikapiga mfululizo alipolifikia.

Kabla ya kupiga picha yoyote sasa nampitisha kitambaa chenye unyevu, kwa kuwa vumbi ambalo macho yetu hayalioni juu ya mbwa mweusi, kamera hulionyesha lote, na tongotongo machoni humzeesha. Ukosi namwachia shingoni, kwani watu huukumbuka. Nina picha tano ambazo mke wangu, binti yangu na yule dereva wa bodaboda wote wanazo: uso, ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto, kifua chenye alama, na ile ya kukaa. Katika kila moja mbwa amejaza picha, maana mtu aliye kwenye foleni ya daladala huitazama kwa sekunde mbili ikiwa na ukubwa wa kiberiti. WhatsApp huibana picha ikitumwa kwa kawaida, na unyoya mweusi ndio wa kwanza kugeuka uji. Ikitumwa kama faili la hati hufika kama ilivyo. Kila baada ya miezi michache nazibadilisha, kwa sababu mdomo wake umeanza mvi.

Mwezi uliopita nilipita bucha ile kununua nusu kilo ya nyama, na wakati kijana akipima nilimwonyesha ile picha ya kukaa, bila kusema ni ya nani. Alifuta mikono kwenye aproni, akaisogeza simu karibu.

“Huyu si yule aliyekuwa analala hapa? Tena alikuwa anaukunja mguu hivi hivi.” Akanirudishia, kisha akaniuliza kama ningeweza kumpigia na wake.

Wake ni mweupe kama kitambaa cha harusi. Nilirudi kwake jioni ya siku iliyofuata, nikiwa na mazoea yangu yote ya weusi, na katika picha ya kwanza mbwa alitoka rangi ya maji ya kuoshea mchele, kwa kuwa safari hii kamera iliuona weupe mwingi, ikadhani mwanga umezidi, ikaupunguza. Nikatelezesha kidole juu; manyoya yakawa meupe kweli, lakini shavu lililoelekea jua likapotea lote, likawa karatasi tupu isiyo na unyoya. Nikashusha kidogo. Nikamsogeza mbwa kivulini. Kijana wa bucha alikuwa amesimama nyuma yangu akimpigia mluzi na kumwita kwa jina mfululizo, Theluji, Theluji, nikamwambia aliache jina, atafute mfuniko wa sufuria. Alipoupata, jua lilikuwa limeshazama nyuma ya mabati ya gereji ya jirani, na mbwa alikuwa ameanza kupiga miayo. Tumekubaliana nirudi Jumapili, saa moja asubuhi, kabla hajafungua bucha.